Kisanduku cha Petroli na Kiti cha Nyuma

Kwa karibu mwaka mzima mke wangu na mimi tulisafiri kwenda Mulungwishi kwa barabara moja, wakati mmoja, na vyombo viwili. Yeye alipanda taksi. Mimi nilifuata nyuma kwa pikipiki yangu, ile kubwa yenye kioo mbele na masanduku ubavuni, iliyoundwa ili watu wawili waende mbali bila kuchoka. Kupitia kioo cha nyuma cha taksi nilikiona kitambaa chake cha kichwa. Kila tulipomaliza kilima kitambaa kiligeuka, uso ukatokea, ukahakikisha kwamba bado nipo, kisha ukarudi mbele. Vumbi lote la taksi nililila mimi.

Tulikuwa tukienda kumwona dada yake mkubwa, anayeishi karibu na misheni ya huko. Mara ya kwanza alipotuona tunafika hivyo, mmoja akishuka garini na mwingine akivua kofia ya chuma, aliweka mikono kiunoni.

"Mulikosana mu njia, ao mulitoka na bugomvi ku nyumba?"

"Hatukukosana," mke wangu akamjibu. "Ye anapenda moto yake, minye napenda roho yangu."

Watu wa pale walicheka. Nami nikacheka, lakini kwa meno tu. Jibu lile lilinichoma, kwa sababu moto, kama tunavyoiita pikipiki huku kwetu, sikuinunua niipande peke yangu.

Tangu tulipoanza maisha, mwanamke huyu amekaa nyuma yangu. Kwanza ilikuwa baiskeli, yeye juu ya chuma cha mizigo na mto mdogo chini yake. Baadaye ikaja pikipiki ndogo ya Kichina, ambayo kwenye vilima ilibidi ashuke atembee. Hatimaye biashara yangu ya vipuri hapa Likasi ilipopata nguvu kidogo, nikaipata hii kubwa kutoka kwa mgeni mmoja wa migodini aliyekuwa akirudi kwao. Mambo mazito ya nyumba yetu tuliyaamua barabarani: jina la mtoto wa kwanza, kuhamia mtaa wa Panda katika nyumba hizi za zamani za kambi ya wafanyakazi, kumsamehe au kutomsamehe mdogo wangu. Alikuwa ananipigia kelele sikioni, mimi najibu kwa kutikisa kichwa, na tukifika jambo limekwisha. Nyumbani hatukuweza kuzungumza vile. Nyumbani kuna wageni, kuna sufuria, kuna redio ya jirani.

Basi mjue nilikuwa nimepoteza nini.

Kilichotutenganisha ni bomba la moshi. Lile la kiwandani lilikuwa limeoza kwa kutu, nikamtafuta fundi wa kuchomelea mjini akanitengenezea jingine. Lilikuwa pana kuliko la kwanza, na sauti yake ilikuwa nzito, ya kiume. Nililipenda. Lakini injini ya namna hii ina kompyuta ndogo inayoipimia petroli, na kompyuta ile haikujua kwamba sasa hewa inapita kwa wepesi zaidi. Iliendelea kupima kipimo kile kile cha zamani. Hewa ikawa nyingi, petroli ikawa kidogo, na injini ikabaki na kiu. Ukifungua mkono wa petroli ghafla ukiwa mwendo wa polepole, ilikohoa.

Siku moja tukirudi kutoka Mulungwishi ilikohoa mahali pabaya kuliko pote. Tulikuwa bondeni, kilima kinaanza mbele yetu. Lori lililokuwa mbele likapunguza mwendo, nami nikapunguza, kisha nikafungua ili nilipite. Injini ikakohoa mara moja ikafa. Nyuma yetu lilikuwa linakuja lori jingine la mawe ya shaba, limeshuka mteremko likikusanya nguvu za kupandia, honi imeshikiliwa. Niliisukuma pikipiki kwa miguu, kwa mikono, kwa tumbo, mpaka gurudumu la mbele likaingia mtaroni. Lori likapita. Upepo wake ulikipinda kioo changu cha pembeni.

Nilipogeuka, mke wangu alikuwa amesimama kwenye majani marefu, mikono kichwani, kiatu kimoja hakipo. Nilicheka, kama wanavyocheka watu waliokoswakoswa na kifo. Yeye hakucheka. Alikitafuta kiatu chake, akakivaa, akasimamisha gari la kwanza lililopita, na tangu siku hiyo kiti cha nyuma kikawa kitupu.

Mimi ni muuza vipuri. Kila ugonjwa naona una kipuri chake. Nikajiambia: mke wangu anaogopa injini inayokufa njiani, nikiiponya injini, nitakuwa nimeiponya hofu. Nilisoma kwenye simu mpaka macho yakawasha, nikamuuliza rafiki mmoja fundi wa Lusaka, na yeye ndiye aliyenieleza habari za kisanduku.

Kilikuja na dereva wa lori, kimefungwa ndani ya soksi. Ukubwa wake ni kama wa kipande cha sabuni ya kuogea. Kina waya nyingi upande mmoja, na usoni kina taa tatu na vitufe viwili. Kazi yake ni kukaa kati ya kompyuta ya injini na injekta, zile pua ndogo zinazonyunyiza petroli. Kompyuta ikisema "nyunyiza kidogo," kisanduku kinasikiliza kwa heshima, halafu kinaongeza chake. Taa ya kijani ni ya mwendo wa pole, ya njano ni ya kuongeza mwendo, nyekundu ni ya injini inapobeba mzigo mzito. Kitufe kimoja kinaongeza petroli, kingine kinapunguza. Basi. Hakuna uchawi.

Kukifunga kulinichukua alasiri nzima uani. Nilitoa kiti, nikainua tangi na kulitegemeza kwa kipande cha ubao, nikachomoa soketi za injekta na kuziunganisha na za kisanduku, kisha nikaufunga waya mweusi kwenye betri. Mke wangu alipita na beseni la nguo, akasimama.

"Unapasua muntu?"

"Namuponyesha."

Aliweka beseni chini. Nilifurahi mno kwamba ameuliza, nikamwonyesha kila kitu, kwa majivuno ya mwalimu aliyepata mwanafunzi. Huu ndio ubongo, nikamwambia. Hizi ndizo pua zinazotema esanse. Nikafungua vibanio vya boksi la filta ya hewa, nikamwonyesha sifongo safi ndani yake.

"Na hapa njo fasi inapumuliaka."

Aliitikia kwa kichwa, akapatazama sana mahali pale inapopumulia. Sikuwahi kumwona akiangalia kipuri kwa makini namna ile. Nilidhani tayari anarudi kwangu.

Baada ya hapo ikaja kazi ya kupima. Huku kwetu hakuna mashine ya kupimia, kuna barabara na kuna buji, yaani plagi. Unaendesha kwa nguvu kipande cha njia, unazima injini ghafla, unafungua buji na kuisoma. Ikiwa nyeupe, injini ina kiu. Ikiwa nyeusi ya masizi, imeshiba kupita kiasi. Unayoitafuta ni rangi ya chai ya maziwa. Sikupenda kwenda upande wa mgodi wa Shinkolobwe, maana ukirudia rudia njia ile askari wanataka kujua unafuata nini. Kwa hiyo kila Jumamosi nilitoka kwa barabara ya Kolwezi, nikipanda na kushuka, nikibonyeza kitufe, nikisimama kwenye ukingo na buji ya moto mkononi huku madereva wa malori wakinipungia kwa huruma.

Na niliipata. Jumamosi jioni buji ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa kabisa. Niliiweka kwenye dirisha la jikoni ili mke wangu aione. Jumatatu nikairudisha mahali pake, nikaenda kazini kwa pikipiki, na kabla ya kufika mjini nikasikia harufu ya petroli isiyoungua. Nikafungua buji. Nyeusi, kama mtu ameichovya kwenye chungu.

Nikapima tena Jumamosi iliyofuata. Ikakaa vizuri. Jumatatu, nyeusi. Nikakilaumu kisanduku. Nikamlaumu rafiki yangu wa Lusaka kwa ujumbe mrefu ambao sikupaswa kuutuma. Nikalaumu vumbi la kiangazi. Mwisho nikamwendea mama anayeuza petroli ya chupa kando ya barabara, nikamwambia mbele ya watu kwamba anachanganya bidhaa yake na kitu. Alinitazama kwa utulivu.

"Papa, kama esanse yangu iko mubaya, ba wewa bote bangekuwa bamekufa. Banakunywa hapa kila asubui."

Wewa ni vijana wa pikipiki za kubeba abiria, na kweli walikuwa wamejipanga pale wakijaza matangi yao na kunitazama kama kichekesho. Niliondoka na hasira yangu yote, nikisukuma pikipiki kwa sababu kwa aibu nilisahau hata kuiwasha.

Hasira hiyo ndiyo iliyonifanya nivunje utaratibu. Nilipofika nyumbani nikafungua kila kitu, hata kile nilichokijua kuwa ni kizima. Nikafungua boksi la filta. Sifongo lilikuwa limelowa, zito, limekuwa na rangi ya asali, na vumbi jekundu limeganda juu yake kama unga kwenye sambusa. Nikaligusa, nikanusa vidole. Harufu ile naijua. Ni ya kanisani kwetu. Ni mafuta ya zeituni ambayo mchungaji huyaombea, na akina mama huenda nayo nyumbani katika vichupa.

Sasa, nyumba yetu ni ya maombi na sioni aibu kusema. Mlango wa duka langu umepakwa. Kitanda kimepakwa. Simu yangu imepakwa mara nyingi mpaka kioo kinateleza. Lakini filta ya hewa inapumua kwa vitundu vidogo, na ukivijaza mafuta, hewa haipiti. Petroli inabaki nyingi, hewa kidogo, na buji inavaa nguo ya msiba.

Niliingia jikoni na filta mkononi. Alikuwa anasonga bukari, ugali wa kwetu, mwiko unazunguka, mvuke usoni.

"Hii ni nini?"

Aliitazama filta, akanitazama mimi, akaendelea kusonga.

"Mafuta ya maombi."

"Mu filtre?"

"Si weye mwenyewe ulinionyesha? Ulisema hapa njo fasi inapumuliaka. Minye niliwaza, nikipakala ku réservoir ya esanse, inabakia inje. Nikitia fasi inapumuliaka, inaingia mpaka mu roho yake."

"Tangu lini?"

"Kila dimanche. Wakati unalala."

Nilikuwa nimeingia na makelele yangu tayari mdomoni. Nilikuwa nimeyapanga uani, moja baada ya jingine, na mengine yalikuwa matamu. Hayakutoka. Nilimwona tu akiinama uani kila Jumapili mchana, kichupa mkononi, akifungua vibanio kimya kimya ili nisiamke.

"Mama," nikasema, "umeitia pumu."

Mwiko ulisimama.

"Namna gani?"

Nikamweleza. Nilijaribu kumweleza taratibu, lakini kadiri nilivyoeleza ndivyo uso wake ulivyoanguka, mpaka akaufunika mdomo kwa mkono wenye unga.

"Donc njo minye ningekuuwa?"

"Hapana, hapana. Inakosa tu pumuzi kidogo. Muntu hakufi juu ya ile."

"Unasema bongo."

"Sisemi bongo, ni kweli. Sikia. Ile mafuta, unipakale minye. Minye sina filtre."

"Weye kichwa nguvu," akasema. "Itateleza tu."

Hata hivyo alikwenda akakileta kichupa. Alinishika mikono, ambayo ilikuwa myeusi kwa masizi mpaka kwenye kucha, akanipaka vifundoni mwa mikono yote miwili, pale pale ninapokunja ninaposhika usukani. Aliomba maneno machache ambayo hayakuwa ya kusikilizwa na mimi. Bukari iliungua chini. Tuliila hivyo hivyo, na nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi yetu, ambapo nilikuwa nimebanwa na viatu.

Niliiosha filta kwa sabuni, nikaianika, nikapima upya. Sasa buji ya Jumatatu ilikuwa sawa na ya Jumamosi. Nilimpelekea jikoni kama mtu anayeleta samaki aliyemvua mwenyewe.

"Angalia rangi."

"Iko muzuri," alisema. "Hata sauti nasikia. Haikohoake tena."

"Basi dimanche tuende pamoya."

Akaanza kupanga vikombe vilivyokuwa vimekwisha pangwa.

"Enda weye. Minye nitakamata taksi."

Hapo nilichanganyikiwa kweli. Injini ilikuwa imepona na yeye mwenyewe amekiri, lakini kiti kilikuwa bado kitupu. Niliumia, na kwa kuwa mimi nikiumia hutafuta kazi, nikapata wazo jingine: nilikuwa nimepima pikipiki ya mtu mmoja. Kipimo cha mtu mmoja si cha watu wawili. Uzito ukiongezeka, injini inaomba petroli zaidi, hasa kilimani, na ile taa nyekundu nilikuwa sijaigusa kabisa. Labda mke wangu alikuwa ameyahisi hayo bila kuyajua. Labda alitaka uthibitisho.

Nikachukua gunia la mahindi nikalifunga kwenye kiti chake kwa mipira. Kuchagua ukubwa wa gunia lile ilikuwa hatari kuliko malori yote ya Kolwezi, na nilihakikisha hayupo nilipokuwa nikichagua. Nililisimamisha vizuri, nikaondoka.

Mtaani Panda hakuna linalopita bila kuonwa. Akina mama waliokuwa bombani wakichota maji waliacha ndoo zikafurika.

"Eh, papa! Ulioa mufuko?"

"Mufuko haisemake sana," nikawajibu. "Njo muzuri yake."

Walicheka mpaka wakashikana. Mimi nikaenda zangu barabarani, na kilimani injini ikakohoa. Si sana, lakini nilikisikia kikohozi kile kile cha siku ile. Kumbe kiu ilikuwa bado ipo, imejificha chini ya uzito. Tatizo ni kwamba kisanduku kinakaa chini ya kiti cha nyuma. Ukisikia kikohozi ukiwa kilimani huwezi kuachia usukani ukainue kiti, na ukisimama, kikohozi nacho kimekwisha. Nilihitaji mtu mwenye vidole nyuma yangu, na gunia halina vidole.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa uani nikilifunga tena gunia, sijui kwa matumaini gani, mlango wa nyuma ulipofunguka. Mke wangu alitoka amevaa suruali ndani ya kikwembe chake cha kitenge, viatu vya kufunga miguuni.

"Toa ile mufuko ku fasi yangu."

"Ni ya essai tu, ya kupima, mama."

"Toa. Bale bamama ba ku robinet ya mayi banasema inakaa muzuri kunipita."

Nililifungua gunia haraka kuliko nilivyowahi kufungua kitu chochote, likaanguka, mahindi yakamwagika, kuku wakaja. Nikampa kofia. Nikakitoa kisanduku kikiwa na waya zake, nikafunga kiti, nikamwekea kisanduku mapajani na kumwonyesha kitufe cha kuongeza.

"Tukifika ku kilima, taa itakuwa nyekundu. Nikikugusa ku goti, ufinye mara moya."

Tuliondoka. Akina mama wa bombani walipiga vigelegele, na mke wangu, ambaye kwa kawaida angewajibu hata akiwa usingizini, hakusema neno. Alikuwa ameshika koti langu kwa mkono mmoja, kwenye ukingo tu, kama mtu anayeshika nguo ya mgeni. Nilihisi pumzi yake ikienda mbio mgongoni kwangu. Nilitaka kumwambia turudi. Niliogopa kwamba nikisema turudi, hatutatoka tena.

Tulipofika kilimani nikafungua petroli. Injini ikakohoa. Kabla sijaligusa goti lake, nikaihisi ikivuta vizuri zaidi. Alikuwa amebonyeza mwenyewe. Bila shaka kikohozi kilimfikia kupitia kiti hata kabla sijakisikia mimi. Tukafika juu, tukageuza, tukashuka, tukapanda tena. Safari hii kilikuwa kikohozi kidogo sana, mtu mwingine asingekitambua. Akabonyeza. Tulipopanda mara nyingine injini ilivuta kutoka bondeni hadi juu bila kusema kitu, na taa nyekundu ikiwaka kwa utulivu mapajani mwake.

"Imekubali," akasema sikioni mwangu.

Lilikuwa neno lake la kwanza sikioni mwangu kwa karibu mwaka, na macho yangu yalijaa maji ndani ya kofia, nikashindwa kuyafuta. Nikaendelea mbele. Sikutaka kugeuza. Barabara ilikuwa inaelekea Mulungwishi na mimi nikaiacha ielekee.

Tulipovuka kilima cha pili alinigonga begani.

"Simama."

Nikasimama kando ya barabara, mbali na malori. Nilidhani anataka kungoja taksi. Alishuka, akanipa kisanduku, na mimi kwa kutojua la kufanya nikakirudisha mahali pake, nikakaza kiti, nikajifanya kuangalia tairi. Alivua kofia. Kitambaa chake kilikuwa kimekaa upande.

"Minye sikuogopa moto," alisema. "Weye unawaza niliogopa moto."

"Uliogopa nini sasa?"

"Ile siku niliruka. Nilisikia kamyo, na miguu yangu ikaruka yenyewe. Sikukuambia hata ruka. Nikakuacha juu yake. Nikajiona niko mu majani, na weye unasukuma peke yako, na kamyo inakuya. Nikawaza: minye ni bibi ya namna gani? Kila mara unaniambia tuende pamoya, nawaza, kama inatokea tena, nitaruka tena. Najijua. Nitaruka."

Alikuwa haniangalii. Alikuwa anaangalia mtaro. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimeishi na mwanamke huyu, nikala chakula chake, nikalala karibu naye, na jambo hili alikuwa nalo ndani peke yake.

Nikamwambia ukweli. Ulikuwa ukweli rahisi, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anauhitaji.

"Unajua minye nilisikia nini ile siku? Nilisikia kiti inakuwa mwepesi. Kamyo inalia nyuma, na minye nasema mu roho: merci, Mungu, ye ameshatoka. Njo nilipata nguvu ya kusukuma. Na weye juu yake singeweza, mama. Tungekufa wote. Kama inatokea tena, uruke tena. Uruke hata kabla minye sijasikia kamyo. Njo ile minye nataka."

Lori la mawe lilipita, vumbi likatufunika, naye akainua ncha ya kikwembe akafunika uso. Vumbi lilipotulia hakuishusha. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, nikasogea, nikasimama karibu naye bila kumgusa, maana mikono yangu sikujua niiweke wapi mchana kweupe mbele ya barabara. Mwishowe akajifuta.

"Mwaka muzima," alisema. "Mwaka muzima minye nalala na ile kintu, na weye ulikuwa unafungua tu mabuji."

Akaivaa kofia, akaifunga chini ya kidevu, akapanda kabla sijamwambia apande. Alinikumbatia kiunoni kwa mikono yote miwili, na hakuiachia mpaka Mulungwishi.